Sikio Halifi, Linauawa

Tuna methali tunayoipenda mno: sikio la kufa halisikii dawa. Huisema yule aliyeonya akapuuzwa, na huisema baada ya msiba kutokea, wakati ambapo aliyepuuza hana tena nafasi ya kujitetea. Methali hii ina hekima yake, lakini ina hatari yake pia, kwa maana humbebesha marehemu lawama ya kifo chake mwenyewe. Katika makala haya nataka kulizungumzia sikio pasipo fumbo lolote. Ninayasema masikio ya nyama na damu, ya wanaume na wanawake wanaofanya kazi katika viwanda vyetu vya chuma, vya nguo, vya mbao, vya saruji na vya kusaga nafaka. Masikio hayo hayafi kwa ukaidi wa wenyewe. Yanauawa polepole, zamu baada ya zamu, ilhali sheria ya kuyalinda imetungwa, imechapishwa na imefungiwa kabatini.

Kwa miaka mingi sasa tumejifunza kuhesabu viwanda. Tangu kaulimbiu ya Tanzania ya viwanda iliposhika kasi, hapana hotuba ya maendeleo isiyokuwa na tarakimu tatu: viwanda vingapi vimejengwa, mtaji kiasi gani umeingia, na ajira ngapi zimezalishwa. Sizipingi tarakimu hizo. Nchi isiyo na viwanda hubaki kuwa soko la wenye viwanda, na mimi si miongoni mwa wanaoota kurudi kwenye jembe la mkono. Ninachokipinga ni kukosekana kwa tarakimu ya nne: huyu tuliyemwajiri, akitoka kiwandani baada ya miaka 10, anatoka na nini na anaacha nini? Tunajua tani za nondo zinazotoka langoni. Hatujui ni masikio mangapi yaliyotumika kuzifyatua.

Tuanze na mwili wenyewe, kwa kuwa wengi wetu hulizungumzia sikio kama shimo tu la kupitishia maneno. Nyuma ya kiwambo cha sikio na vile vifupa vitatu vidogo kuna kiungo kilichojisokota mfano wa gamba la konokono. Humo mna seli zenye vinywele, takribani 15,000 katika kila sikio, ambazo kazi yake ni kuugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe unaofika ubongoni. Tunazaliwa na akiba hiyo na hatuongezewi. Ngozi ikichubuka huota upya, mfupa ukivunjika huunga, lakini seli hizi zikishakufa hazioti tena. Hakuna sindano wala upasuaji wa kuzirejesha. Kifaa cha kusaidia usikivu hukuza sauti, lakini hakifufui kilichokufa.

Kelele kubwa huzichosha seli hizo kwanza, kisha huziua. Mfanyakazi mpya anapotoka zamu ya kwanza husikia masikio yamejaa kama yaliyotiwa pamba, na mlio mwembamba wa nzi asiyeonekana. Asubuhi yake hali hutulia, naye huamini amezoea. Hilo neno kuzoea ndilo linalotuangamiza. Sikio halizoei kelele. Kinachoitwa kuzoea mara nyingi ni dalili kwamba sehemu ya usikivu imekwisha kuondoka, na kwa hiyo mashine ileile sasa inaonekana kuwa na sauti ndogo. Mkongwe wa kiwanda anayemcheka kijana mgeni kwa kuziba masikio yake kwa vidole hamchekei kwa ushujaa. Anamcheka kwa sababu mwenyewe hasikii tena anachokisikia yule kijana.

Tena kifo hiki hakianzi na sauti zote kwa pamoja. Huanza na sauti nyembamba, hasa zilizo karibu na hezi 4,000, na huo ndio ujanja wake. Mgonjwa bado anasikia ngurumo ya lori, bado anasikia adhana na kengele, bado anasikia kwamba mtu anazungumza. Anachokikosa ni maneno. Irabu zetu, a, e, i, o, u, ni nzito na husikika kwa urahisi. Konsonanti kama s, f, t, k na p ni nyepesi na hukaa juu, kulekule kelele inakochoma kwanza. Chukua maneno saa, taa, kaa, paa na faa. Kwa mwenye sikio zima ni maneno matano. Kwa fundi aliyeshinda miaka kumi mbele ya kinu cha kufyatulia nondo, yote ni neno moja: aa. Mwambie sokoni kwamba bei ni elfu sita, atakuuliza kama ni tisa. Nyumbani mtoto humsimulia ya shuleni, naye hutikisa kichwa na kutabasamu, kwa sababu amechoka kusema “rudia”. Watu wa nyumbani husema baba siku hizi amekuwa mkali, hapendi mazungumzo. Baba hajawa mkali. Baba ametengwa na lugha yake mwenyewe.

Nina mwanafunzi wa masomo ya jioni ambaye kabla ya kujiunga nasi alifanya kazi miaka sita katika kiwanda cha kuyeyushia chuma chakavu. Ana umri wa miaka 29. Huketi mstari wa mbele kila siku, na mwanzoni nilidhani ni bidii peke yake. Siku moja baada ya kipindi aliniomba, kwa adabu kubwa, nisizungumze nikiwa nimeelekea ubaoni. “Mwalimu,” alisema, “ukigeuka tu, mimi huwa nimeshafunga duka.” Anasoma midomo. Alijifunza mwenyewe, kiwandani, kwa sababu huko hapana aliyeweza kusikilizana na mwenzake. Nilimuuliza kama aliwahi kupimwa usikivu alipoajiriwa, au katika miaka ile sita, au alipoacha kazi. Hakuwahi. Alipewa kofia ngumu, buti na fulana ya Mei Mosi.

Msomaji anaweza kusema kwamba huyo ni mtu mmoja. Haya, tuwatazame wengi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen nchini Norway, walivipima viwanda vya chuma hapa Tanzania na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018 na 2019. Wastani wa kelele aliyoibeba mfanyakazi kwa zamu nzima ulikuwa desibeli 92, wakati kikomo kinachokubalika ni 85. Kisha wakapima masikio. Waliwalinganisha wafanyakazi 221 wa chuma na walimu wa shule 107. Miongoni mwa walimu, asilimia 31 walikuwa na upungufu wa usikivu katika sauti nyembamba. Miongoni mwa wafanyakazi wa chuma, asilimia 48. Takribani mmoja kati ya kila wawili.

Sitaki mtu azipitie juu juu tarakimu hizo. Kwanza, hiyo asilimia 31 ya walimu inatukumbusha kwamba umri, maradhi na maisha ya mjini navyo vina sehemu yake. Sitamsingizia mwenye kiwanda kila sikio zito mjini. Lakini tofauti iliyo kati ya makundi hayo mawili ndiyo deni la kiwanda, na deni hilo halina pa kujificha. Pili, desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Mtu akisikia 85 na 92 hudhani kuna tofauti ya saba tu, kama mtu aliyezidishiwa chenji. La hasha. Kila desibeli tatu zinapoongezeka, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huwa mara mbili. Ikiwa desibeli 85 huruhusiwa kwa saa 8, basi 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 94 ni saa moja. Kwa hiyo desibeli 92 ni mzigo wa mara tano hivi ya kiwango halali. Mfanyakazi aliyeingia zamu saa moja asubuhi amekwisha kula posho yake ya kelele ya siku nzima kabla haijagonga saa tatu. Kuanzia hapo hadi jioni, kila dakika anayofanya kazi bila kinga inakatwa kutoka mwilini mwake. Na huyo ni wa zamu ya saa 8. Wa zamu ya saa 12 hesabu yake aifanye msomaji mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba maarifa haya ni mapya na nchi yetu ni changa, tupewe muda. Maarifa haya ni makongwe kuliko nchi zote za Afrika Mashariki. Mwaka 1700 tabibu Mwitaliano Bernardino Ramazzini, aliyeandika kitabu cha maradhi ya watu wa kazi, alieleza jinsi wafua shaba wa Venice walivyokuwa wakiziwika kwa kugongagonga chuma mchana kutwa. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr aliwapima mafundi wa maboila wa Glasgow, akakuta kwamba hata mmoja hakuwa na usikivu kamili. Mwaka 1977 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 148 kuhusu hewa chafu, kelele na mtetemo mahali pa kazi, na ukaweka utaratibu ambao mtoto wa shule anaweza kuuelewa: kwanza tengeneza mashine na mazingira, penye kushindikana, ndipo umpe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na afya yake ipimwe mara kwa mara, bila kumtoza. Tumepewa muda wa miaka zaidi ya 300. Tunaomba mingapi tena?

Wala si kweli kwamba hatuna sheria. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, yenye kumtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake na kuwapima afya. Tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na Mfuko wake, ambao mwajiri anauchangia. Jirani zetu wa Kenya walikwenda hatua moja zaidi katika karatasi: mwaka 2005 walitunga kanuni mahususi za kuzuia na kudhibiti kelele viwandani, ingawa kikomo walichokiweka ni desibeli 90 kwa saa 8, ambacho kwa hesabu niliyoitoa hapo juu ni nguvu zaidi ya mara tatu ya kile cha 85. Kwa hiyo tatizo letu halipo katika kalamu. Lipo katika umbali wa kutoka kwenye gazeti la Serikali hadi kwenye sakafu ya kiwanda, na umbali huo hauna barabara.

Nazifahamu hoja za upande wa pili, kwa maana nimezisikia katika semina na nimezisoma katika magazeti. Nitazijibu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza husema: wafanyakazi wenyewe hawataki kuvaa vizibo vya masikio. Wanapewa, wanavitupa. Hapa ndipo ile methali ya sikio la kufa inapotolewa kwa mbwembwe. Lakini ulizeni kwa nini. Chini ya paa la bati, penye tanuri na joto la Pugu Road mwezi Februari, kizibo hulowa jasho, huteleza, huwasha na huleta usaha. Kile kilichotolewa mwezi wa kwanza kinatakiwa kidumu mwaka mzima. Tena mwenye kukivaa hasikii honi ya mashine ya kunyanyulia mizigo inayomjia kwa nyuma, wala mwenzake anayepiga kelele kwamba winchi imekatika. Amelazimishwa achague kati ya uziwi wa kesho na kifo cha leo, naye anachagua kuishi leo. Huo si ukaidi. Ni akili. Anayestahili kuulizwa ni yule aliyeanza na kizibo badala ya kuanza na mashine.

Kwa sababu mashine zinatengenezeka. Beringi iliyokwisha hupiga kelele kabla ya kuvunjika, na kuibadilisha mapema ni faida ya mwenye kiwanda kabla haijawa faida ya sikio. Kompresa na jenereta zinaweza kujengewa chumba chake badala ya kunguruma katikati ya watu. Vipande vya chuma vinavyodondokea juu ya chuma vinaweza kudondokea juu ya mpira. Upepo wa kusafishia unaofoka kutoka kwenye bomba tupu unaweza kuwekewa kizibo cha kupunguza mlio. Kuta za bati na sakafu ya saruji hurudisha sauti ndani kama pango. Zikitandikwa vitu vinavyonyonya sauti, kiwanda kizima hupoa. Wafanyakazi wanaweza kupokezana ili mtu mmoja asishinde mbele ya mashine kali kutwa nzima. Hakuna hata kimoja katika hayo kinachohitaji mtaalamu wa kutoka ng’ambo. Kinahitaji fundi, bajeti ndogo, na meneja anayeamini kwamba aliye mbele yake ni mtu.

Hoja ya pili husema: ukiwabana wenye viwanda, watahama na mitaji yao, na ajira zitapotea. Hii ndiyo hoja inayotisha, na kwa hiyo ndiyo inayotumika sana. Kwa jina la mazingira bora ya biashara tumekwisha kupunguza mengi. Mchango wa mwajiri wa sekta binafsi katika Mfuko wa Fidia, uliokuwa asilimia 1 ya mishahara, ulishushwa hadi 0.6 mwaka 2021 na hadi 0.5 mwaka uliofuata. Sina ugomvi na nafuu hiyo ikiwa Mfuko unajitosheleza. Ila naomba nionyeshwe nafuu ya mfanyakazi iliyopitishwa siku hiyohiyo. Mwekezaji amepunguziwa nusu ya mzigo. Je, kelele imepungua desibeli ngapi? Tena mwekezaji huyu, kwao alikotoka, mara nyingi hufuata kanuni za kelele pasipo kufilisika. Akija kwetu akaziacha uwanja wa ndege, si kwa sababu mtaji wake umekuwa maskini angani. Ni kwa sababu ametambua kwamba hapa sikio ni la bure.

Na hakika si la bure. Kinachofanyika ni kuihamisha gharama. Mashine ambayo haikufungwa kizuia kelele imempunguzia mwenye kiwanda matumizi ya mara moja, na imemwachia fundi matumizi ya maisha: vifaa vya kusaidia usikivu asivyoweza kuvinunua, kazi nyingine anayoikosa kwa sababu hasikii katika usaili, ajali barabarani kwa kutosikia bodaboda, na mke anayegeuka mkalimani. Faida imeandikwa katika vitabu vya kampuni. Hasara imeandikwa katika familia ya mtu wa Buguruni au Vingunguti. Mwanauchumi anayehesabu upande mmoja tu wa daftari hastahili jina hilo.

Hoja ya tatu husema: uziwi hauui. Nchi ina malaria, ina ajali za kukatika mikono, kwa nini tushughulike na masikio? Kwa kweli hii ndiyo sababu kelele imepewa uhuru wote huu. Mkono ukikatika damu huonekana, picha hupigwa, mkaguzi huja. Sikio hufa bila damu, bila maumivu, bila tarehe. Lakini mtu anayethubutu kuuita uziwi jambo dogo ajaribu kuziba masikio yake wiki moja tu kisha aende benki, msikitini au kanisani, kwenye kikao cha ukoo na kwenye msiba. Utu wetu sisi Waswahili umejengwa kwa mazungumzo. Barazani hatukai kimya. Anayeondolewa kwenye mazungumzo ameondolewa kwenye jamii akiwa hai. Wala si wachache: makadirio yaliyofanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani miaka ya 2000 yalionyesha kuwa asilimia 16 ya upotevu mkubwa wa usikivu kwa watu wazima duniani unatokana na kelele za kazini.

Hapa lugha yetu yenyewe inatusaliti. Kwa Kiswahili, kusikia ni pia kutii. Mtoto msikivu ni mtoto mtiifu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na aliye chini hukumbushwa kwamba sikio halizidi kichwa. Kwa hiyo fundi aliyepoteza usikivu kazini anapoitwa na msimamizi asiitike, hukumu iko tayari mdomoni: huyu hasikii. Nimeambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba aliandikiwa onyo la utovu wa nidhamu kwa kutotekeleza agizo ambalo masikio yake hayakulipokea. Tazama unyama wa mzunguko huu: kiwanda kinamziba mtu masikio, kisha kinamwadhibu kwa kutosikia, kisha kinamfukuza kama mkaidi, na hivyo kinajiepusha na fidia. Anayeutafuta mfano wa dhuluma iliyokamilika asihangaike kwenda mbali.

Kuhusu fidia, tuseme kweli. Haki ipo kisheria, lakini haki isiyo na ushahidi ni kivuli. Ili mtu athibitishe kwamba kiwanda kilimpotezea usikivu, lazima ionekane jinsi alivyokuwa anasikia alipoingia. Kipimo hicho kama hakikufanyika siku ya kwanza, mwajiri atasema ni uzee, ni dawa alizotumia utotoni, ni muziki wa baa. Kutopima, basi, si uzembe tu. Kwa mwajiri asiye na haya ni bima. Na zaidi ya wote anayeumia ni kibarua. Huyu husimama langoni saa kumi na mbili asubuhi akisubiri kuitwa, hulipwa kwa siku, hana mkataba, hana jalada, na baada ya miezi mitatu huambiwa apumzike ili asije akapata haki za mwajiriwa. Anaweza kuvizunguka viwanda vinne katika miaka mitano, kila kimoja kikichukua sehemu yake ya masikio, na mwishowe hakuna hata kimoja kinachomfahamu. Tumemfanya mtu awe na mwili unaotumika bila jina linalodai.

Vyama vya wafanyakazi navyo haviwezi kukaa pembeni kama wageni waalikwa. Nimesoma mikataba ya hali bora inayopanga kwa umakini posho ya mazishi, siku za likizo na fulana za sherehe, na haitaji hata mara moja neno kelele. Kulikuwa na wakati ambapo mfanyakazi wa nchi hii alidai zaidi ya mshahara. Baada ya TANU kutoa Mwongozo mwaka 1971, wafanyakazi waliinuka katika viwanda vingi kupinga kunyanyaswa na mameneja, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda chenyewe. Dola iliwazima, na hiyo ni hadithi inayostahili makala yake. Lakini walichokitanguliza kilikuwa heshima: kwamba anayeuza nguvu zake hajauza utu wake. Mrithi wa watu hao hawezi kutosheka na kofia yenye nembo kila tarehe 1 Mei huku akishindwa kuisikia hotuba inayosomwa jukwaani.

Nisije nikaonekana mlalamishi asiye na pendekezo, nayataja ninayoyadai, na ninayadai kwa utaratibu wa kutekelezeka.

Kwanza, kila kiwanda kipime kelele katika kila sehemu yake ya kazi, na vipimo hivyo vibandikwe ukutani kwa Kiswahili, kwa tarakimu kubwa, pamoja na muda ambao mtu anaruhusiwa kukaa hapo bila kinga. Mfanyakazi aliyesoma ukutani kwamba hapa ni desibeli 96 hahitaji wakili wa kumweleza kwamba anaibiwa.

Pili, asiajiriwe mtu yeyote, kibarua akiwemo, katika eneo lililozidi desibeli 85 kabla usikivu wake haujapimwa, apimwe tena kila mwaka na siku anapoondoka, na nakala ya majibu aimiliki yeye mwenyewe. Karatasi hiyo imfuate kiwanda hadi kiwanda. Kiwanda ambacho hakikupima kisiruhusiwe kudai kwamba mtu aliingia akiwa mgonjwa. Pasipo kipimo, mzigo wa kuthibitisha uwe wa mwajiri.

Tatu, mkaguzi anayefika kiwandani asiridhike kuona boksi la vizibo stoo. Aulize ni mashine ipi imetengenezwa ili ipunguze mlio, lini, na kutoka desibeli ngapi hadi ngapi.

Nne, Mfuko wa Fidia na mamlaka ya usalama kazini watangaze kila mwaka, bayana, ni wafanyakazi wangapi waliogunduliwa kupoteza usikivu, kutoka sekta zipi, na wangapi waliolipwa. Tarakimu ikiwa ndogo kupita kiasi mbele ya matokeo ya Muhimbili, tutajua kwamba ugonjwa haukukosekana. Kilichokosekana ni wa kuutazama.

Tano, vyama vya wafanyakazi viiweke kelele katika mikataba ya hali bora pamoja na mshahara, na visitie saini mkataba usioitaja.

Nasi wa vyuo vikuu tuna sehemu yetu. Tunawafundisha wahandisi kuhesabu uzalishaji wa mashine kwa saa. Tuwafundishe pia kuhesabu kile ambacho mashine hiyo inamwondolea aliyesimama mbele yake. Mhandisi anayehitimu bila kuwahi kushika kipima kelele amehitimu nusu.

Mwezi Mei utakapofika, viongozi watapanda jukwaani na kuahidi viwanda vipya. Mwandishi wa habari atakayepata nafasi ya kuuliza swali moja, namwomba aulize hili: katika viwanda tulivyonavyo tayari, ni wafanyakazi wangapi waliopimwa masikio mwaka huu? Kisha asikae mpaka apewe tarakimu.